Nafasi ya Mke wa Gikunda

"Wachilia hiyo toroli."

"Wachilia wewe. Mimi niliiona kwanza."

"Uliiona, mimi nikaishika. Kuona si kushika, kaka. Hata jua unaliona kila siku na si lako."

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, kwa muuza vyuma chakavu nyuma ya steji ya Meru, mahali ambapo makanga wa Nkubu na Maua huita abiria kana kwamba abiria hao wamewaibia kuku. Igoki alikuwa ameng'ang'ania upande mmoja wa toroli kuukuu ya hospitali, ile ya kubebea dawa, yenye rafu mbili na magurudumu matatu. Upande wa pili ulishikwa na kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu iliyotobolewa na cheche za moto, miwani ya kazi ameipandisha juu ya paji la uso. Watu wawili wa bodaboda walikuwa wameshazima pikipiki ili wasikie vizuri.

"Kwani unaitakia nini?" kijana akauliza.

"Uji."

"Uji?"

"Thamosi zitakaa hapa juu, jiko hapa chini. Nimekueleza, sasa wachilia."

Kijana akacheka. Igoki alihisi damu ikimpanda hadi masikioni.

"Ukiweka jiko hapo chini bila bati katikati, hizo thamosi zitayeyuka siku ya kwanza," alisema kijana. "Na gurudumu la nne utatoa wapi?"

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Mimi ni fundi wa kuchomelea, naitwa Gikunda. Nilikuwa nataka magurudumu tu. Chukua, ulete kwa karakana yangu nikutengenezee, utanilipa pole pole."

"Sikopi."

"Basi nilipe na uji."

Igoki akamtazama sawasawa kwa mara ya kwanza. Masizi yalikuwa yamemjaa mashavuni, na hakuwa akimcheka tena. Alikuwa ameinama akikagua vyuma vya toroli kwa vidole, kwa adabu, kama mtu anayempima ng'ombe asiye wake.

"Kwa kuongea kwako, wewe ni wa Embu," alisema bila kuinuka.

"Mimi ni Mbeere, wa Ishiara. Usiniite Mwembu."

"Haya, Mbeere. Nyinyi ndio mnatafuna majani ya muguka kama mbuzi."

"Na nyinyi mnafunga vijiti kwa majani ya ndizi mnasema ni miraa ya heshima."

Mmoja wa bodaboda akapiga honi kwa furaha. Hivyo ndivyo walivyojuana, na kama kuna wapenzi walioanza kwa maneno matamu zaidi, hao hawakukutana kwa muuza vyuma.

Watu husema hasira hasara. Igoki alikuwa ameichunguza methali hiyo kwa miaka ishirini na sita na kuiona ya uongo. Hasara zake zote kubwa zilitokana na kunyamaza. Mwenye hoteli alikokuwa akiosha sahani alipomkata mshahara kwa sahani iliyovunjwa na mteja, alinyamaza. Mwezi uliofuata akakatwa tena, kwa sababu alishaonekana hana neno. Siku alipofungua mdomo alifukuzwa, lakini alitoka pale mabega yakiwa juu, na akiba ya shilingi elfu nne na mia mbili, na wazo moja tu kichwani.

Uji ule ulikuwa wa mama yake. Wimbi na mawele kutoka shamba la Ishiara, yakasagwa, yakalowekwa siku mbili mpaka yachachuke, yakachujwa kwa kitambaa na kupikwa bila haraka. Mama alimtumia gunia kwa gari la kwanza. Igoki alinunua thamosi tatu za mitumba, moja kifuniko chake kilikuwa cha nyingine na kilitaka kufungwa na kitambaa. Vikombe dazeni moja. Sukari kilo mbili. Aprone aliishona mwenyewe kwa mkono kutoka kwa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, ambacho zamani kilikuwa pazia. Hapo pesa ikaisha, ikabaki nguvu.

Gikunda alitengeneza toroli kwa siku nne. Aliweka bati katikati, akatafuta gurudumu la nne kwenye kiti cha ofisi kilichokufa, akapaka rangi nyeupe. Uji aliolipwa aliunywa akiwa amefumba macho.

"Huu uji una kitu," alisema.

"Una uchachu."

"Una wewe."

"Maliza kikombe, kuna watu wanakingoja."

Kilichokosekana ni mahali. Wiki tatu Igoki alisukuma toroli mji mzima, akiambiwa asonge mbele ya kila duka. Nafasi aliyoitamani ilikuwa kando ya geti la soko dogo, pale ambapo watu wa Nkubu hushuka asubuhi wakiwa na baridi na njaa. Mwenye kusimama pale angeuza thamosi tatu kabla ya saa tatu. Asiyekuwa na pale angerudi kuosha sahani za watu. Mara mbili alienda kwa kamati ya soko, mara mbili akaambiwa angoje.

"Niachie mimi," Gikunda alisema. "Mwenyekiti ni Mzee Gitobu. Nilimchomelea geti lake. Nitaongea naye."

Alirudi jioni hiyohiyo akikimbia. "Umepata! Nafasi ya thelathini na moja. Kando ya geti kabisa!"

Igoki alimrukia shingoni mbele ya mafundi wote, aprone na masizi vikachanganyika. "Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ukweli. Kwamba uji wako ni mtamu."

Miezi mitatu ilipita kama wiki tatu. Uji uliisha kila siku. Igoki alinunua thamosi ya nne, mpya, yenye kifuniko chake. Jumapili Gikunda alimpitia akiwa amevaa shati la rangi ya haradali na viatu vilivyong'aa, wakaenda kanisani, kisha wakala chipsi wakitembea. Siku za kazi simu haikupumzika.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula hewa. Nina wateja."

"Nikuletee chapati?"

"Uniletee na wewe mwenyewe. Chapati peke yake haijui kuongea."

"Babe, hapo umenimaliza."

Alimpenda. Tuseme wazi tusizunguke: Igoki alimpenda Gikunda kuliko alivyokuwa amepanga, na kila asubuhi alipofunga aprone ile aliona maisha yake yamesimama kwa miguu miwili, mmoja ukiwa kazi yake na mwingine ukiwa kijana yule.

Ndipo Alhamisi moja Gladwell, mwandishi wa kamati, alipopita na kadi mpya za soko, kila muuzaji aitundike mbele ya meza yake. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye kalamu nywelani. Alichagua kadi moja, akaiweka juu ya toroli, akasema, "Hongera, mwekuru wa Gikunda."

"Nani?"

"Si ni wewe? Soma."

Igoki akasoma. Nafasi 31. Uji. Mke wa Gikunda.

"Jina langu liko wapi?"

Gladwell akashangaa. "Jina lako la nini? Nafasi za geti ni za watu wa hapa na wake zao. Bwana yako alikuja akasema umeolewa kwake, tukaandika. Kwani hakukuambia?"

Mambo mengi yakamjia Igoki kwa pamoja, na kila moja lilimchoma. Ndiyo maana mchinjaji wa pale mbele aliacha kumtania ghafla. Ndiyo maana Mama Mutuma, muuza ndizi wa meza ya pili, alimwuliza juzi kama tumbo limeshaanza kukataa mafuta. Soko zima lilikuwa limehudhuria harusi yake, isipokuwa yeye.

Akachukua simu.

"Sasa, mrembo," Gikunda akaitika.

"Mimi ni mke wa nani?"

Nyuma yake nyundo ziligonga.

"Igoki, wacha nikuelezee."

"Usinielezee kwa simu. Nakuja."

Alimwachia Mama Mutuma thamosi, akatembea mpaka karakana bila kuvua aprone. Wale mafundi walipoona uso wake walikumbuka kazi za nje.

"Walisema wageni hawapewi geti," Gikunda alianza, mikono mbele. "Walikuwa wanapatia mtu mwingine siku hiyo hiyo! Ningesema nini?"

"Ungesema jina langu."

"Wangekataa!"

"Wangenikataa mimi, Igoki. Ningejua nimekataliwa na nani na kwa nini. Sasa wamempa nani? Wamempa mke wako. Huyo mwanamke simjui! Nimeamka saa kumi miezi mitatu kumpikia uji!"

"Hukuwa pale. Si wanasema asiyekuwepo na lake halipo?"

"Unanipigia methali?" Sauti yake ilipasuka. "Unanioza mwenyewe bila kuniuliza, halafu unanipigia methali?"

"Lakini nataka kukuoa! Hilo si uongo. Nilitangulia kidogo tu."

"Ukitangulia unaniacha nyuma. Na nikisema sitaki, Gikunda? Tukikosana kesho, ile nafasi inaenda wapi?"

Gikunda alijifuta masizi shavuni. Hakuwa amewahi kufikiria hilo. Igoki aliliona jambo hilo machoni mwake, kwamba kweli hakuwahi kulifikiria hata siku moja, na likamuuma kuliko uongo wenyewe.

"Usinipigie simu," alisema.

Kesho yake simu iliyolia ilikuwa ya Ishiara.

"Igoki, mwana wakwa," mama yake alisema, na sauti haikuwa ya kusalimia. "Njura wa hapa jirani alikuwa Meru kuona daktari. Akaulizia wewe sokoni. Ameambiwa umeolewa."

"Mama, si kweli."

"Nani amekuja hapa? Nani ameleta hata kilo ya sukari? Baba yako Kivuti akiwa kaburini anaulizwa binti yake aliokotwa wapi, kama kuku aliyepotea?"

"Mama, ni uongo! Waliandika uongo wapate kunipa nafasi!"

Mama akashusha sauti. "Na wewe unakaa juu ya huo uongo?"

"Nimejua jana."

"Leo je? Leo uliuza uji?"

Igoki alizitazama thamosi tupu. Alikuwa ameuza.

"Sikiza," mama akasema. "Kama ni uongo, nenda ukausemee palepale uliposemwa. Usipoenda, usiniambie ni wa yule kijana. Ni wako pia. Na mawele yangu sitapandisha gari tena."

Kamati ilikaa Alhamisi iliyofuata chini ya banda la mabati nyuma ya soko. Igoki hakulala vizuri siku zote hizo. Kila mtu mwenye akili angemwambia anyamaze: nafasi anayo, wateja anao, kadi ni karatasi tu. Alijiambia hivyo yeye mwenyewe mpaka alipojichukia. Kisha alifunga kitambaa kichwani, akaivaa sketi yake nyeusi ya kanisani, akaingia.

Mzee Gitobu alikuwa amekaa katikati, kofia gotini, wanaume watatu pembeni yake, na Gladwell mwishoni na daftari. Wauzaji kadhaa walisimama kusikiliza. Gikunda alikuwa ameitwa. Alisimama kando ya nguzo akiwa na shati la haradali, uso umemkonda.

"Mzee, mimi naitwa Igoki wa Kivuti," alisema. "Ninatoka Ishiara. Napika uji pale nafasi thelathini na moja. Mimi si mke wa mtu."

Minong'ono ikapita. Gitobu akakuna ndevu.

"Msichana, nani alikuuliza? Ungenyamaza ungekuwa na nafasi. Huo uongo ulikuwa haujakuuma mahali."

"Uliniuma kwa jina."

"Gikunda. Huyu ni mwekuru wako?"

Gikunda akatoka kwenye nguzo. Igoki hakumtazama. Alitazama daftari la Gladwell.

"Hapana, mzee," Gikunda alisema. "Nilidanganya kamati. Na nilimdanganya yeye. Hakujua. Ningependa awe, lakini sikuwahi kumuuliza. Kosa ni langu lote."

"Basi utaleta mbuzi dume kwa kamati, Jumamosi, mchana watu wakiona. Na nafasi inarudi kwetu. Atapewa mtu wa hapa."

Igoki alikuwa amejua itakuwa hivyo, ila kujua na kusikia ni vitu viwili. Aligeuka aondoke kabla machozi hayajamwaibisha.

"Wewe simama hapo."

Alikuwa Mama Mutuma, ameshika kisu cha kukatia ndizi kwa sababu alikuja mbio na kukisahau mkononi.

"Gladwell, soma ile sheria ya mgeni," alisema.

Gladwell alipekua, akasoma polepole: mtu asiye wa hapa anaweza kupewa nafasi akidhaminiwa na mwenye nafasi aliyekaa miaka mitano bila kosa.

"Inasema mwanaume?"

Gladwell akasoma tena. "Haisemi."

"Inasema bwana yake?"

"Haisemi."

"Mama Mutuma, hayo mambo..." Gitobu akaanza.

"Mimi naitwa Kiende," alisema yule mama. "Miaka kumi na tisa niko hapa, hakuna kati yenu anayejua. Bwana yangu alipokufa mlitaka kumpatia shemeji yangu ile meza, kwa sababu iliandikwa jina la marehemu. Ndizi nilikuwa nauza mimi! Mwaka mzima nilikuja hapa kulia mbele yenu, mpaka mkaniachia. Mzee, ulinikalisha palepale anaposimama huyu msichana. Mimi namdhamini. Na msidhani nampenda sana, uji wake unaniharibia soko la ndizi asubuhi."

Mtu alicheka nyuma, akajizuia. Gitobu aliwatazama wenzake. Mmoja alitazama viatu vyake, mwingine akatazama mabati. Mzee alivaa kofia, ishara kwamba amechoka.

"Andika," alimwambia Gladwell, kwa hasira ya mtu aliyeshindwa na daftari lake mwenyewe. "Mdhamini, Kiende."

"Na mwenye nafasi?" Gladwell akauliza, kalamu tayari, akimtazama Igoki.

Igoki alilitamka jina lake herufi moja moja.

Nje Gikunda alimfuata. "Igoki, pole. Tafadhali."

"Nina hasira."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungenipisha."

Akampisha.

Jumamosi soko lilijaa. Saa sita mchana kelele zilianzia upande wa steji, zikaja zikikua: kicheko, miluzi, watoto kukimbia. Gikunda alikuwa anakuja na beberu mweusi mwenye pembe kubwa, ambaye hakuwa amekubali safari. Kila hatua kumi mbuzi alikaa chini, na kila alipokaa watu walimpa Gikunda ushauri. Shati la haradali lilikuwa na mguu wa mbuzi umechorwa kifuani kwa matope. Hakujificha, hakupita njia ya nyuma. Alipofika geti alisimama mbele ya toroli nyeupe.

"Kamati iko kule," Igoki alisema, akimimina uji kwa mteja.

"Najua. Nimepita hapa kwanza."

"Kwa nini?"

"Kuna swali nilikuwa nimejibu kabla sijauliza."

Mteja akaacha kunywa. Kiende akaacha kukata ndizi. Mchinjaji alitoka nje kabisa, panga mkononi.

"Basi uliza kwa sauti," Igoki alisema, akiweka thamosi chini. "Ulinioa kimya kimya. Uliza wasikie."

Gikunda akajifunga kamba ya mbuzi kiunoni ili mikono iwe huru. Akavuta pumzi.

"Igoki wa Kivuti, kutoka Ishiara. Nakupenda. Nataka niende kwa mama yako, nibebe kila kitu kinachotakiwa na kingine juu. Utakubali nikuoe?"

"Hapana," Igoki akasema.

Mbuzi akakaa chini tena. Rangi ilimtoka Gikunda usoni, lakini hakubishana, hakusogea.

Igoki hakumtazama. Alitazama huku na huku. Alimtazama Mzee Gitobu, aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha banda na kofia yake. Mzee alimtazama mbuzi tu, akiona kamati inacheleweshwa. Igoki alimtazama Gladwell, naye hakufungua daftari. Hakuna aliyekuja kutoa toroli. Hakuna aliyeng'oa kadi yenye jina lake, ingawa alikuwa amesema hapana. Mwanamke mmoja aliyeshuka gari la Nkubu, asiyejua lolote, alinyoosha shilingi thelathini na kusema, "Nipe kikombe kimoja, usitie sukari mingi."

Igoki akamimina, akampa, akapokea pesa, akaitia mfukoni mwa aprone. Kifua chake kilishuka taratibu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya zile kadi. Ndipo akamgeukia Gikunda.

"Uliza tena," akasema.